UZI: Fuawe ya kujitengenezea kwa chuma chakavu. Reli, pini ya ekskaveta au springi?

MwanaMatondoni
Asalaam alaykum mafundi. Natafuta kusimamisha fuawe, chuma kizito cha kupigia juu yake chuma cha moto, ya kufulia misumari ya majahazi, na tezo na visu ikibidi. Kwa muuza chuma chakavu wa Malindi mwenye leseni kuna vitu vitatu vimewekwa kando:

1. Reli, urefu mita moja na inchi chache, ubavuni ina namba 80 ya kuinuka.
2. Pini ya ekskaveta, kipenyo milimita 90, urefu sentimita 40.
3. Majani ya springi za lori, unene milimita 12.

Nyundo ni ya kilo moja na nusu. Niliyofikiria ni kuilaza reli juu ya gogo, kisha kuchomelea jani la springi juu yake liwe uso mgumu. Nipeni maoni kabla ya kukata chochote, maana kikishakatwa hakirudi.

FundiKoleo
Wa alaykum salaam. Hiyo ya springi juu ya reli iache kabisa. Ndiyo fuawe inayopigwa picha sana na kufanya kazi vibaya sana.

Ukichomelea jani la milimita 12 juu ya reli, weldingi inashika kingo tu. Katikati jani limekaa juu ya hewa, hata kama kwa jicho limelala sawa. Ukipiga katikati, jani linabonyea kwa nywele moja na kurudi, na nguvu ya nyundo inaishia kwenye kulitikisa jani badala ya kuingia kwenye msumari. Utasikia "pwa", si "tii". Halafu springi ina kaboni nyingi na reli ina kaboni nyingi. Ukizishonanisha baridi kwa elektrodi ya kawaida ya 6013, pembeni mwa mshono chuma kinakuwa kama kioo. Ufa hauonekani siku hiyo. Unaonekana baada ya wiki mbili za nyundo, na jani linaanza kuruka upande mmoja.

Reli yenyewe ni ngumu ya kutosha. Ni chuma chenye kaboni kati ya asilimia 0.5 na 0.8, wakati chuma laini cha vyuma vya madirisha hakifiki 0.25. Haiufikii uso wa fuawe ya kiwandani, ambao huwa kama 50 hadi 55 kwa kipimo cha ugumu cha Rockwell C, lakini chuma unachopiga ni chekundu na laini kama unga uliokandwa. Kinachoharibu uso ni nyundo iliyokosea shabaha.

MvukutoMbili
Naongezea la pili: usiilaze.

Namba 80 ni ratili 80 kwa yadi, yaani karibu kilo 40 kwa mita. Ukikata nusu mita ukailaza una kilo 20, sawa. Lakini kilo hizo ziko wapi? Chini ya nyundo kuna kichwa cha reli, halafu ubavu mwembamba wa milimita 13 au 14, halafu kitako. Zilizobaki ziko kushoto na kulia, hazikusaidii. Ubavu unafanya kazi ya springi, nyundo inachoka, na sauti inalia kama kengele ya shule.

Isimamishe wima. Ile mita nzima yenye kilo 40 inakaa yote chini ya pigo. Uso utakaoufanyia kazi ni mkato wa kichwa cha reli, kama sentimita 6 kwa 4. Watu huona ni mdogo, lakini fimbo ya msumari wa jahazi ina unene wa milimita 10 au 12. Eneo la nyundo kugusa halizidi hilo hata kwenye fuawe ya kilo mia. Zile pembe na mikia mirefu za fuawe ya Ulaya ni za kukunjia viatu vya farasi na vyuma vya magari ya kukokotwa. Punda wa Lamu havai viatu.

MwanaMatondoni
Hapo nimeelewa. Sasa pini je? Si ni ngumu kuliko reli?

Lethi_Malindi
Pini ni ngumu nje, si ndani. Hapo wengi huteleza.

Pini ya ekskaveta hupashwa moto juujuu na kutiwa maji ili ganda tu liwe gumu, milimita chache kwenda ndani, kwa sababu kazi yake ni kusuguana na bushi. Moyo wake umeachwa mgumu wa wastani ili usivunjike. Ukiisimamisha na kutumia kichwa kilichokatwa, uso wako utakuwa na duara la nje gumu sana na katikati pa wastani. Kwa kufulia hilo si baya: katikati panastahimili, pembeni hapabonyei. Ila ukingo ule wa nje ukiachwa mkali, nyundo ikiugonga unameguka na kipande kinaruka kama risasi. Lazima uviringishwe.

Uzito: kipenyo milimita 90 kwa urefu sentimita 40 ni kama kilo 20. Kwa nyundo ya kilo moja na nusu ni mara kumi na tatu. Inafaa kwa misumari midogo na visu. Kwa misumari ya inchi nane utatamani mara ishirini na kuendelea, na reli ya mita inakupa mara ishirini na sita.

Kabla ya kununua pini angalia tundu la grisi. Nyingi zina tundu linaloingia kichwani, linakwenda katikati, kisha linatokea ubavuni. Tumia kichwa kisicho na tundu. Angalia pia kama imeliwa upande mmoja. Iliyoliwa milimita mbili tatu haidhuru, kwa kuwa itasimama.

Kichwa kisawazishwe kwenye lethi, mashine inayokizungusha chuma kikichongwa, kwa kisu cha kabaidi, polepole. Kisu cha kawaida kitaungua kikifika kwenye lile ganda.

Tupa_Bapa
Njia ya kujua unachokinunua bila maabara: beba tupa na grainda ndogo.

Tupa mpya ikiteleza bila kuuma, uso huo umetiwa maji. Ikiuma kwa shida ni chuma cha wastani. Ikila kama inakula ubao, ni chuma laini, kiwe kinene kiasi gani.

Grainda itazame cheche kwenye kivuli. Chuma laini hutoa mistari mirefu iliyonyooka isiyo na matawi mengi. Chuma chenye kaboni nyingi hutoa cheche zinazopasuka kama fataki karibu na diski. Ukiona cheche fupi, nyekundu hafifu, hicho ni chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa: bloku ya injini, mwili wa pampu ya zamani, ngoma ya breki. Kiache. Fuawe ya chuma cha kusubu humeguka kingo siku ya kwanza na hupasuka siku ya pili.

Jaribio la tatu ni la beringi. Chukua gololi ya chuma ya inchi moja, iachie kutoka kimo cha sentimita 25 kwenye sehemu iliyosuguliwa, rula ikiwa pembeni. Fuawe nzuri huirudisha zaidi ya sentimita 18. Chuma laini huirudisha chini ya nusu. Fanya jaribio hili kipande kikiwa kimesimama kama kitakavyotumika. Reli ile ile ikilazwa na ikisimamishwa itakupa majibu mawili.

Kabari
Nakubaliana na wote isipokuwa @FundiKoleo kidogo. Kuchomelea reli kunawezekana, kwa mfano ukitaka kuweka bomba la mraba ubavuni la kushikia vikatio, au miguu ya kuizuia isizunguke. Lakini kuna masharti.

Kwanza elektrodi ziwe za aina ya 7018, kavu. Zilizokaa wazi kwenye hewa ya pwani zimeshakunywa unyevu, na unyevu huo ndio unaopasua mshono kwa ndani. Zioke kwanza kwa joto la nyuzi 300 hivi kwa saa nzima au mbili.

Pili, ipashe reli moto mahali pa mshono na jirani yake hadi zaidi ya nyuzi 300. Utajuaje bila kipima joto? Chukua risasi ya nyavu, ile ya wavuvi, kata kipande kidogo kama punje ya mtama, kiweke sentimita tano kutoka mahali pa mshono. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327. Punje ikilegea na kuwa tone linalong'aa, anza kuchomelea. Fanya nje, upepo ukupe mgongo, usivute mvuke wake. Kama huna risasi, ng'arisha mahali padogo kwa msasa: rangi ya majani makavu ni kama nyuzi 220 au 230, zambarau ni 280, buluu ni 300.

Tatu, ukimaliza usiimwagie maji wala usiiache upeponi. Ifukie yote ndani ya jivu kavu au chokaa kavu ya unga, na Lamu chokaa si ya kutafuta. Ichimbue kesho yake. Linda macho, chokaa ikiingia jichoni si mchezo.

Mtu asiyekuwa na subira ya hayo matatu, afunge vitu vyake kwa bolti na kola.

FundiKoleo
@Kabari sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na uso. Mshono ukae mbali na mahali pa kupigia, angalau sentimita 10, kwa sababu moto wa weldingi unaulegeza ugumu popote unapopita.

MwanaMatondoni
Shukran. Basi nakwenda na reli wima. Naikataje? Na je, niitie maji ule uso uwe mgumu zaidi?

MvukutoMbili
Kutia maji usijisumbue. Kipande cha kilo 40 hata ukipashe kichwa tu, unahitaji mkaa mwingi hadi sumaku iache kushika, karibu nyuzi 770, na kupita kidogo hapo. Kisha maji ya ndoo hayatoshi: yanachemka papo hapo, mvuke unaufunika uso, na chini yake chuma kinapoa polepole. Viwanda vilitumia maji yanayoanguka kwa wingi. Ukikosea, reli inapasuka kwenye kona ya kichwa na ubavu, pale ambapo nene inakutana na nyembamba. Iache ilivyo. Mapigo yenyewe yataukaza uso kidogo, na ukibonyea utausugua tena, una mita nzima ya akiba.

Kukata: kwanza soma maandishi ya ubavuni, huwa yana uzito, kiwanda na mwaka, uyanakili kabla hayajaondoka. Kisha tumia grainda kubwa ya inchi 9 yenye kinga yake. Usifunge diski ya inchi 9 kwenye grainda ndogo kwa kuvua kinga. Ile ndogo inazunguka kasi kuliko diski inavyoweza kustahimili, na diski ikipasuka haichagui mtu.

Anza na kitako, pande zote mbili, kisha ubavu, kisha zunguka kichwa kwa kina cha milimita 15. Usilazimishe diski moja ipite yote, itabanwa katikati ya kichwa. Weka tegemeo chini ya pande zote mbili, karibu na mkato, ili mkato ufunguke, usijifunge. Gesi ni ya haraka, lakini moto wake unaharibu kama sentimita mbili za uso. Ukikata kwa gesi, acha sentimita tatu za ziada na umalizie kwa grainda ukiwa unamwagia maji kidogo kidogo. Uso ukigeuka buluu umeharakisha.

Usawa wake upime kwa rula ya chuma na taa nyuma yake. Mwanga wa unene wa karatasi si neno. Bonde la milimita moja litaonekana kwenye kila msumari utakaonyoosha.

Tupa_Bapa
Kingo usizisahau. Ukingo wa kushoto uviringishe kwa nusu kipenyo cha milimita 3, wa kulia milimita moja na nusu, ili uwe na wa kukunjia na wa kuanzishia bega. Ukingo mkali hauzai kona nzuri. Unachora mkunjo kwenye chuma cha moto, mkunjo unafungwa na pigo linalofuata, na msumari unakatika hapo hapo ukiwa ndani ya mbao, baada ya kazi yote ya kutoboa kwa keekee.

Kitako cha reli pia ni mali. Ncha yake moja ichonge kwa mshazari iwe kikatio cha moto, pembe ya nyuzi 60 hivi, ishuke milimita 5 chini ya uso ili usiparuze mkono. Mkato wa ubavu wenyewe, milimita 13, ni mahali pa kurefushia chuma: pigia hapo kikonde, kisha rudi kwenye kichwa ukinyooshe.

Lethi_Malindi
Kabla hujalipa, dai risiti yenye jina la muuzaji na namba ya leseni. Sheria ya Chuma Chakavu ya Kenya ya 2015 inamtaka awe na leseni hiyo. Malindi na Lamu hatuna reli ya treni hata moja, kwa hiyo kila kipande cha reli kilichopo huku kimetoka mahali pengine, na ukiulizwa ni wewe utakayeeleza kimetokaje.

Pia kikate huko huko bara kabla ya kuvuka Mokowe, gati la boti za kwenda kisiwa cha Lamu. Kipande cha kilo 40 kinabebwa na watu wawili, kinaingia kwenye boti bila maneno, na mkokoteni unamalizia.

MwanaMatondoni
Naam. Na gogo? Kuna la mnazi hapa la bure.

Kabari
Mnazi hapana. Nje ni mgumu, moyoni ni sifongo. Reli itazama kama kijiti kwenye ugali, halafu mnazi ukilowa unaoza. Tafuta mkwaju au mwembe mkavu, kipenyo sentimita 45 au zaidi. Mbambakofi ni bora, lakini gogo zima la mbambakofi kulitia ardhini ni israfu, wajenga majahazi watakulaani.

Gogo la urefu wa mita moja, sentimita 50 ziingie ardhini. Sehemu ya chini ipake oili chafu siku tatu mfululizo, mchwa waende kwingine. Juu chimba kwa patasi shimo lenye umbo la reli, kina sentimita 30, na chini yake weka bamba la chuma la milimita 10. Bila bamba, kitako cha reli kitakata nyuzi za mbao kama msumeno na fuawe itashuka kila mwezi. Reli ya mita moja itatokeza sentimita 70 juu ya gogo, na hapo ni ndefu mno. Kwa hiyo ama gogo liingie ardhini lote libaki sentimita 5, ama reli uikate. Mimi ningelizamisha gogo, uzito usipotee. Kipimo cha mwisho: simama wima, mkono uning'inie, ngumi iguse uso. Kwa wengi ni kati ya sentimita 72 na 78.

Bana kwa kabari za mbao ngumu pande nne, usimwage saruji. Saruji inapondeka kwa mtikisiko na baada ya muda reli inacheza. Juu ya gogo valisha pete ya chuma bapa ya milimita 5, ipashwe moto ndipo ivalishwe, ikipoa inakaza na gogo halipasuki.

MvukutoMbili
Asiye na gogo, nusu pipa la mchanga linafaa, mchanga ushindiliwe kwa tabaka. Ila usichote ufukweni Shela. Una chumvi, na miezi michache tu kitako cha reli kitakuwa kimevimba kutu. Tumia mchanga wa shimo, au uuoshe mara tatu kwa maji ya kisima kisicho cha chumvi. Faida ya mchanga ni kimya. Kwenye vichochoro vya Mji wa Kale, ambako ukuta wako ni ukuta wa jirani, sauti ya reli tupu ni kesi kwa mzee wa mtaa. Dawa nyingine ya sauti ni sumaku ya spika ya zamani, ibandike ubavuni, inanyamazisha nusu yake.

FundiKoleo
Na kutu ya juu: uso ulioachwa wazi usiku mmoja, asubuhi una rangi ya machungwa. Pangusa kwa kitambaa chenye oili kila ukimaliza, ufunike kwa ndoo iliyogeuzwa. Usiufunike kwa gunia, gunia linashika umande wa chumvi na kuulaza juu ya chuma usiku kucha.

MwanaMatondoni
La mwisho wakuu. Kichwa cha msumari nitakifanyaje? Fuawe ya kiwandani ina tundu la kupitisha mwili wa msumari chini. Nitoboe reli?

Tupa_Bapa
Usitoboe, tundu unalo tayari. Itazame reli kutoka juu ikiwa imesimama: kati ya kichwa na kitako, kila upande wa ubavu, kuna uwazi. Hapo ndipo msumari utashuka.

Chukua lile jani la springi ulilotaka kulichomelea, kata sentimita 25. Lipashe hadi rangi ya machungwa, toboa tundu la mraba ukianzia upande wa chini, kisha ugeuze umalizie juu. Juu liwe milimita 10, chini 12, ili msumari using'ang'anie. Liache lipoe ndani ya jivu, usilitie maji, likiwa gumu sana litapasuka kwenye kona za mraba. Kona hizo zipitishe tupa ndogo.

Laza jani liegemee kichwa cha reli upande mmoja na ncha ya kitako upande wa pili, tundu likae juu ya uwazi. Tumbukiza msumari ukiwa mwekundu, mwili uning'inie sambamba na ubavu wa reli, juu ubaki urefu wa mara moja na nusu ya unene, yaani milimita 15 kwa fimbo ya 10. Pigo la kwanza wima, manne ya kuzunguka yawe ya mshazari, kichwa kitoke kama paa la kibanda. Ukibakiza zaidi ya milimita 20 kitapinda kabla ya kutanuka. Na usikifanye bapa kabisa: chini yake itazungushwa pamba iliyolowa sifa, yale mafuta ya samaki ya kupaka vyombo, na pamba inataka bega la kuishika.

Kisha geuza jani, gonga kidogo, msumari unadondoka.

MwanaMatondoni
Kumbe springi imepata kazi yake. Nachukua reli na jani moja, pini namwachia Lethi.

Lethi_Malindi
Naichukua. Hakikisha tu ile namba 80 ni ya reli yenyewe, si rangi ya muuzaji.